Kibao Nilichomvisha Nanjala

Ijumaa iliyopita mchana nilikuwa nimeketi nje ya mlango wangu, ghorofa ya tatu hapa Gatina, nikitazama nguo za majirani zikikauka, simu ikalia. Alikuwa Odhis. Odhis ndiye kijana aliyechukua darasa langu nilipostaafu mwishoni mwa mwaka jana. Ana shahada mbili, viatu safi, na huongea kama mtu anayekimbia mvua.

"Niaje mwalimu," akasema. "Monday naanza ile class ya intermediate. Sasa naianzaje?"

"Andika jina lako ubaoni," nikamwambia. "Halafu wajitambulishe, mmoja mmoja."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akanishukuru. Kisha akanisomea orodha ya wanafunzi wake, kwa sababu alidhani huenda ningewatambua wawili watatu. Walikuwa kumi na wanne. Jina la tisa lilikuwa Nanjala. Nikamwambia kuna mgeni mlangoni, nikakata simu. Hakukuwa na mgeni. Kwangu hawaji wageni.

Kwa hiyo nilimdanganya Odhis mara mbili siku hiyo. Uongo wa mgeni ni mdogo. Ule mwingine ndio umeninyima raha tangu Ijumaa, kwa sababu nimefundisha Kiingereza cha ngazi ya kati chuo kikuu kwa miaka ishirini na minane, na ninajua vizuri kwamba kuwasimamisha watu wazima wajitambulishe ndiyo njia ya haraka ya kuliua darasa kabla ya chai ya saa nne. Nilimjibu hivyo kwa uvivu wa mzee. Sasa ninaandika kumrekebishia, yeye na nyinyi wengine vijana mnaoanza kazi hii. Mtanisamehe nikirukaruka. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, mazungumzo yake hupoteza mpangilio.

Niwaambie kwanza ni nani wanaoketi mbele yenu. Anayeanza Kiingereza kutoka sufuri ni mtu mchangamfu. Anakosea, anacheka, wenzake wanacheka, siku inakwisha. Aliyebobea naye hana shida, labda shida ya kujisikia. Lakini huyu wa katikati ana Kiingereza cha kutosha kujua kwamba amekosea, na hana cha kutosha kujirekebisha. Anayaona makosa yake yakitoka mdomoni kama mtu anayeona sufuria ikianguka na mikono yote miwili imeshika vitu vingine. Ndiyo maana hunyamaza. Nimefundisha mafundi wa ujenzi wa Kawangware, mayaya waliotaka kazi za ofisini, wachungaji wa makanisa ya mabati, Wakongo, watu wa Sudan Kusini. Wote waliponyamaza walinyamaza namna moja. Ukilijua hilo umejua nusu ya kazi.

Mimi sikulijua. Siku yangu ya kwanza nilivaa suti ya kahawia ya mtumba niliyoinunua soko la Gikomba, ikanibana kwapani, nikaingia darasani nimechelewa dakika kumi ili waone mimi ni mtu mkubwa. Nikafungua kitabu kilicholetwa kutoka ng'ambo. Kulikuwa na picha ya familia moja wakiteleza kwenye theluji, wamevaa miwani mikubwa. Nikamwamuru fundi mmoja wa pale Gatina aieleze picha. Aliitazama kwa makini sana, akasema kwa Kiingereza cha pole pole kwamba watu hawa wamemwagikiwa na chokaa na sasa wanakimbia kumtafuta kontrakta. Darasa likaangua kicheko. Mimi nikakasirika. Nikamwambia aketi, nikamwambia jibu lake si sahihi. Hakuongea tena mpaka muhula ukaisha.

Nyuma ya darasa alikuwa ameketi Bi. Akoth, mama wa makamo aliyekuwa amefundisha kozi hiyo tangu ianzishwe, naye alitumwa kunitazama. Wakati wa chai alinimiminia kikombe kutoka thermos yake, akaniuliza, "Simiyu, wewe unawafundisha hawa watu ama unawatisha?"

Nikasema ninawafundisha.

"Haya. Kesho kuja mapema ufute ubao."

"Ubao ni safi, madam."

"Najua ni safi. Wewe futa tu."

Nilifikiri ananichezea. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Mwanafunzi mzima akija siku ya kwanza, jambo gumu kuliko yote ni kuvuka ule mlango huku mwalimu anamtazama. Ukiwa umewapa mgongo unafuta ubao, wanaingia bila kukaguliwa, wanachagua viti, wanapumua. Ukigeuka, darasa limeshakaa. Na swali lake la kwanza halikuwa jina la mtu wala kazi yake wala familia yake. Aliuliza njia. "Umefikaje hapa leo?" Kila mtu ana njia. Mmoja ameruka mtaro, mwingine amepita sokoni, mwingine amekosa njia akamuuliza askari. Hakuna anayeweza kukosea njia aliyoipita mwenyewe, na mtu akishaeleza njia yake ameshazungumza Kiingereza dakika mbili bila kujua.

Haya ndiyo ningemwambia Odhis. Ningeweza kukomea hapa kama si lile jina la tisa.

Bi. Akoth alipostaafu akarudi kwao upande wa ziwa, nikabaki mkubwa wa kozi. Mwaka mmoja wanafunzi wetu walifanya vibaya sana katika mtihani wa kuzungumza. Mkuu wa idara akaniita, akaniuliza kwa nini watu wanatoka kwenye darasa langu la Kiingereza wakiongea Kiswahili hadi getini. Nilitoka kwake nimeudhika, na nikiwa nimeudhika hivyo nikakumbuka diski.

Nyinyi vijana wa mjini labda hamkuiona. Shuleni kwetu Bungoma, mtoto akisikika akiongea lugha ya mama alivishwa kibao cha mbao chenye kamba, tulichokiita diski. Alitembea nacho mpaka amnase mwenzake, amvishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, maana nilikuwa na mdomo. Nilikichukia kile kibao. Ila nilipokuwa mwalimu, nikiulizwa nilijifunzaje Kiingereza, nilikuwa nikisema kwa majivuno kwamba ni kibao kilichonifunza. Basi nikaenda kwa seremala mmoja pale Kawangware, akanikatia kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, akakipiga msasa, akakitoboa. Sikuandika kitu juu yake. Anayeongea lugha nyingine darasani atakivaa mpaka mwenzake akosee. Hakuna kuchapwa, nikawaambia, sisi ni watu wazima, ni mchezo tu.

Darasa likatulia. Nilikuwa nikiingia, kimya. Nikiuliza swali, kimya kidogo, halafu jibu fupi safi. Nikauita utulivu ule nidhamu.

Nanjala alikuja kwenye kozi miaka sita iliyopita. Alikuwa mfanyakazi wa usafi pale pale chuoni, yeye ndiye aliyepiga deki korido yetu. Chuo kilikuwa kimeruhusu wafanyakazi wasome bila malipo, na yeye alikuwa wa kwanza katika wale wa usafi kujiandikisha. Aliishi Mashimoni, Kibera. Alfajiri alipanga foleni kwenye kioski cha maji, akawaachia watoto maji na uji, halafu akaja kwa miguu. Alichokitaka kilijulikana na korido nzima, kwa sababu wenzake walimtania nacho: alitaka kazi ya kaunta ya maktaba, kazi ya kuketi, kupokea vitabu na kuvitoa. Nafasi ilikuwepo. Walikuwa wanadai cheti cha ngazi ya kati tu.

Siku ya kwanza ya muhula ule nilifuta ubao kama kawaida. Nikageuka, nikajitambulisha kwa jina langu lote. Nanjala alikuwa ameingia mwisho, ovaroli yake ya bluu ameikunja ndani ya mfuko wa karatasi. Aliposikia jina la Simiyu uso wake ukafunguka. Hakujua mpaka siku hiyo kwamba mimi ni wa kwao. Akainuka, akaja mbele, akanyoosha mkono wa kulia huku ameshika kiwiko kwa ule wa kushoto, kama tulivyofundishwa nyumbani kumsalimu mtu tunayemheshimu.

"Mulembe, mwalimu," akasema.

Ni salamu yetu sisi Wabukusu. Maana yake ni amani, na jibu lake ni neno hilo hilo. Ninataka mjue kwamba kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu kilikuwa furaha. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Halafu nikaona macho ya watu kumi na watatu yaliyokuwa yakitazama kama mwalimu atampendelea mtu wa kwao, na kibao kiko mezani. Nikakichukua, nikamvisha.

Aliinama ili nimvishe vizuri. Alifikiri ni beji ya kozi. Akakishika kifuani, akakitazama, akatabasamu, akasema, "Asante, mwalimu."

Watu wakacheka, kwa sababu wengi walikuwa wamesikia habari za kibao kwa waliotangulia, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kukosea, sasa kwa Kiswahili. Jamaa mmoja wa mstari wa mbele akamweleza kile kibao ni cha nini. Sijui niwaelezeje uso wake. Haukukasirika. Ulijifunga tu, kama mtu anayefunga duka mapema. Akarudi kiti cha nyuma karibu na dirisha, akaketi.

Siku hiyo hakuna aliyekosea tena, maana hakuna aliyefungua mdomo. Kwa hiyo kibao kilibaki kwake. Saa nane nilipotoka ofisini nilimkuta koridoni anapiga deki, ovaroli imefungwa hadi juu, na kamba inaonekana shingoni. Angeweza kukivua. Mimi ningeweza kumwambia akivue. Nilipita kando ya ndoo yake nikatazama saa. Alikuwa nacho siku tatu. Siku ya nne nilikikuta mezani kwangu, kimeoshwa kwa sabuni, kimetiwa kamba mpya.

Aliendelea kuja darasani, wiki baada ya wiki. Insha zake zilikuwa nzuri kuliko za wengine wote, na moja aliyoandika kuhusu korido asubuhi kabla watu hawajafika nimeiweka mpaka leo. Ila hakusema neno. Siku ya mtihani wa kuzungumza aliketi mbele yetu, mimi na mwenzangu, mikono mapajani. Mwenzangu alimuuliza maswali matano. Nanjala alitazama meza. Sheria ilisema asiyezungumza hana alama, na kalamu ilikuwa yangu, nikaandika sufuri. Kazi ya maktaba akapewa mtu mwingine. Yeye akarudi kwenye ndoo.

Sikumwomba msamaha. Nilijiambia sheria ni sheria. Kibao nilikitia kwenye droo na sikukitoa tena, nikamwambia mkuu kwamba kimepotea, na nikaona kwamba hilo linatosha. Kila asubuhi kwa miaka mitano nilipita koridoni, naye kila asubuhi aliinua kichwa akasema, "Good morning, sir." Kwa matamshi safi kabisa. Hakuwahi kunisalimu kwa lugha yetu tena.

Sasa niseme jambo ambalo Odhis hawezi kulijua kwenye simu. Kibao hakikuanzia chuoni. Kilianzia nyumbani kwangu. Watoto wetu wawili walipokuwa wadogo nilitengeneza kimoja cha kadibodi, ili wakue na Kiingereza safi, wasihangaike kama mimi. Mke wangu Nekesa alikitazama siku mbili. Siku ya tatu akakivaa mwenyewe.

"Kikae na mimi," akasema. "Hao watoto wapumzike."

Alipika nacho, akafua nacho, akaongea Kibukusu kuanzia asubuhi hadi usiku, akinicheka machoni. Mimi nilimjibu kwa Kibukusu, kwa sababu mbele yake sikuweza kujifanya. Watoto walisikiliza lakini hawakushika, maana baba alikuwa ameshawaonyesha ni lugha ipi yenye faida. Tukawa wawili tu wenye ile lugha ndani ya nyumba.

Nekesa alifariki miaka minne iliyopita. Tulimzika kwetu. Mwanangu mkubwa alikuja kutoka ng'ambo, akasoma wasifu wa mama yake kwa Kiingereza kitamu, bila kosa hata moja. Mama mkwe wangu, ajuza asiyeona vizuri, alinishika mkono akaniuliza mtoto anasema nini. Nikainama, nikamtafsiria maneno ya mjukuu wake kuhusu binti yake mwenyewe. Nimetafsiri mambo mengi katika kazi yangu. Hilo ndilo lililonishinda, nikaliacha katikati.

Sasa hivi watoto hunipigia kila Jumapili. Huniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa, nami huwajibu kwa Kiingereza kizuri sana kwamba niko sawa. Majirani hapa Gatina ni watu wema, tunaamkuana kwa Kiswahili kwenye ngazi, kila mtu anawahi kazini. Kuna siku nzima hupita sijatumia ile lugha niliyozaliwa nayo hata kwa kumkemea paka. Nimekuwa mpweke, wanangu. Sioni sababu ya kutafuta neno lingine.

Siku yangu ya mwisho chuoni walinikatia keki. Baada ya hotuba nikateremka koridoni peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, kwa Kibukusu, na nilikuwa nimeogopa kama mwanafunzi wa ngazi ya kati. Nanjala alikuwa karibu na mlango wa maktaba, anakamua deki.

"Mulembe, Nanjala," nikasema.

Alishtuka. Akatazama nyuma, akatazama kushoto, kuona nani amesikia. Halafu akanitazama mimi. "Good morning, sir," akasema. "Congratulations on your retirement." Akaivuta ndoo kando ili nipite.

Yale maneno mengine niliyopanga sikuyasema. Nilipita. Mtu mzima, aliyekuwa wa kwanza kunisalimu kwa lugha ya kwetu ndani ya jengo lile, alitazama nyuma kabla ya kunijibu. Kibao kilikuwa kwenye droo yangu miaka mitano, na bado alikuwa amekivaa.

Na sasa amejiandikisha tena. Sihitaji kuambiwa kwa nini amengoja mpaka mwaka huu. Alingoja nitoke.

Kwa hiyo, Odhis, sahau nilichokuambia Ijumaa. Jumatatu fika mapema ufute ubao, hata ukiwa safi. Usijitambulishe kwa kishindo. Usiwasimamishe. Waulize wamefikaje, na wewe uanze kwa kueleza njia yako, na ukosee mahali, wakuone umekosea na hujafa. Kitabu chenye picha ya theluji bado kiko kabatini, kiache huko. Kwenye droo ya chini ya meza yangu ya zamani, nyuma ya chaki, kuna kipande cha mbao chenye kamba. Usikionyeshe mtu. Kuna mama anayechoma mahindi nje ya geti, mpelekee akitie kwenye moto wa jiko lake.

Mama mmoja atakuja mwisho, ataketi nyuma karibu na dirisha. Usimharakishe. Usimwambie unanijua. Akinyamaza wiki ya kwanza, mwache. Mwambie akuandikie kuhusu korido, halafu siku moja umwombe akusomee sentensi moja tu, ya kwake mwenyewe. Kiingereza anacho. Sauti ndiyo niliyomnyang'anya, na cheti chake kimekaa kwenye sauti hiyo.

Na ikitokea siku moja, iwe mwezi ujao au mwisho wa muhula, akasahau akakusalimu kwa lugha ya kwao, mwitikie pale pale, mbele ya darasa lote. Najua wewe ni mtu wa ziwa na neno hilo hujalizoea. Nipigie simu nikufunze namna ya kulitamka. Ni neno moja tu, na mimi sina mtu wa kumwambia.